Mshenga wa Mvua

Wiki iliyopita niliishia nikiwa nimelowanisha mazulia ya nyumba kumi na moja, na bado nikajiita mtaalamu.

Kwa wale ambao gazeti lile liliwafikia likiwa limefungia misumari, nawapa kwa ufupi. Mimi ni mstaafu. Miaka thelathini na moja nilisoma mita za maji, nikaagwa kwa saa ya ukutani ambayo haijatembea hata siku moja. Binti yangu anafua mazulia na magodoro. Kazi hiyo ina adui mmoja tu, mvua. Nami, kwa kukosa la kufanya na kwa kufukuzwa jikoni na mke wangu, nikajifundisha kwenye simu namna ya kuunganisha utabiri wa hali ya hewa na kalenda ya wateja wake.

Iko hivi. Kuna programu ambayo kazi yake ni kusikia neno kwa programu moja na kulifikisha kwa nyingine. Unaiambia: ukisikia kule mvua inakuja, nenda kwenye kalenda, ahirisha miadi, kisha mpelekee mteja ujumbe; utabiri ukigeuka, rudisha miadi. Inakwenda yenyewe, wewe umelala zako. Nikaipa jina Mshenga, maana inabeba maneno kati ya watu wasioonana. Tofauti ni moja. Mshenga wa kweli anajua kunyamaza.

Basi utabiri ulisema mvua saa nane. Nikaamuru mazulia yaanikwe asubuhi, nikijua tuna nafasi mpaka tumeshiba chakula cha mchana. Kumbe nane yao wameanza kuihesabu tangu usiku wa manane! Kwetu sisi hiyo ni saa mbili asubuhi. Mengine mnayajua. Nikaiagiza programu itoe sita kila mara, nikajipongeza, nikadhani mabaya yamekwisha.

Mabaya yalikuwa bado yanafunga kamba za viatu.

Jumatano asubuhi nilikaa mlangoni na simu yangu, nakagua kazi ya Mshenga kama bosi. Jumamosi ilikuwa imeandikiwa mvua, asilimia themanini. Mshenga alikuwa ameahirisha miadi yote ya siku hiyo na kupeleka jumbe saba.

Nikahesabu wateja wa Jumamosi. Sita.

Nikahesabu tena, safari hii kwa vidole. Sita.

"Mama watoto," nikaita, "Jumamosi tuna nini?"

"Mzee, umeanza kupoteza kumbukumbu? Jumamosi si wanakuja wakwe?"

Nikaitafuta namba ya saba.

Ngoja niwaeleze. Binti yangu ana miaka thelathini na sita. Alikwisha kutuonya tusimuulize tena habari za kuolewa, nasi tukaacha kuuliza, tukabaki kuugulia kimyakimya. Kisha friji letu likafa, akaja fundi friji, mtu mpole, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Friji lilikuwa na ugonjwa wa saa moja. Fundi alikuja siku nne.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, wazazi wa fundi walikuwa waje kwetu kuzungumza. Binti aliniambia, "Baba, iandike mahali usije ukasahau." Nikaiandika. Niliiandika kwenye kalenda ya kazi, pamoja na namba ya simu ya baba yake kijana. Mshenga hakuona mkwe. Aliona namba ya simu na siku ya mvua, akatimiza wajibu.

Ujumbe wenyewe niliutunga mimi, kwa mikono yangu hii, kwa ajili ya watu wenye mazulia. Ulisema hivi:

"Ndugu mteja, hali ya hewa imechafuka. Miadi yako ya Jumamosi imeahirishwa mpaka kutulie. Tafadhali kung'uta vumbi mzigo wako kabla hatujaja kuuchukua. Doa sugu si jukumu letu. Asante kwa kutuamini."

Chini yake kulikuwa na jibu moja, la mkwe.

"Ujumbe umepokelewa na kueleweka."

Na nukta mwishoni. Watu kwenye simu hawaweki nukta. Ukiona nukta, ujue mtu amekasirika, akakaa, akatafuta miwani.

Nikaingia ndani kuvaa.

"Unakwenda wapi?" mke wangu akauliza.

"Kunyoosha miguu."

"Na viatu vya mazishi?"

"Ndivyo vinavyonyoosha."

Alinitazama jinsi anavyotazama maziwa yanayotaka kuchemka. Nikatoka kabla sijafurika.

Baba yake fundi ni mwalimu mkuu mstaafu. Watu wazima wenye vitambi wakikutana naye njiani bado wanachomekea mashati. Nyumba yake naijua, kwa miaka tisa niliingia kila mwezi kwa mlango wa nyuma, nikasoma mita kando ya stoo, nikatoka. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia kwa mlango wa mbele.

"Karibu. Kaa," akasema.

"Nimekaa, Mwalimu."

"Hujakaa. Umeegemea. Kaa."

Nikakaa. Mezani palikuwa na karatasi. Ujumbe wangu ulikuwa umenakiliwa kwa mwandiko mzuri, neno kwa neno, kisha ukasahihishwa kwa kalamu nyekundu. Sikuwa nimeona wino mwekundu kiasi kile tangu nilipofeli hesabu.

"Tusome pamoja," akasema. "Neno la kwanza: 'ndugu'. Hilo nimelipokea. Neno la pili?"

"Mteja," nikajibu, sauti imenitoroka.

"Sikusikia."

"Mteja, Mwalimu."

"Mimi ni mteja wa nini nyumbani kwako? Binti yako anauzwa?"

"Hapana, Mwalimu, hilo neno—"

"Tuendelee. 'Hali ya hewa imechafuka.' Hali ya hewa ikichafuka nyumbani kwa watu maana yake nini? Mimi na wewe si watoto. Baba kanuna, mama kafunga mlango, binti analia. Kwa ufupi, hamtutaki."

"Mwalimu, ni mvua! Nilimaanisha mvua yenyewe, hii ya maji!"

"Mwenye maana ya mvua huandika mvua. Ina herufi nne." Akahamisha kidole. "'Kung'uta vumbi mzigo wako.' Mzigo ni nani?"

Nikatazama viatu vyangu vya mazishi.

"Nauliza, mzigo ni nani? Ni mwanangu?"

"Ni zulia."

"Nikuletee zulia kumposea binti yako?"

Mlangoni palisimama mkewe na sinia la chai. Niliona midomo yake inatetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anazuia kicheko. Mwalimu hakucheka. Alifika kwenye mstari wa mwisho, na hapo sauti yake ikashuka, na kalamu akaiweka chini.

"'Doa sugu si jukumu letu,'" akasoma taratibu. "Mwanangu aliachwa. Mke wake wa kwanza aliondoka miaka sita iliyopita, mwanangu akiwa kazini anatengeneza friji za watu. Alikaa mwaka mzima haongei. Sasa ndio kwanza ameanza kupiga mluzi bafuni. Nani alikwambia uliite hilo doa?"

Jamani. Nimewahi kukimbizwa na mbwa. Nimewahi kuangukia shimo la mita. Lakini sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku ile.

Nikamweleza yote. Programu, kalenda, utabiri, mazulia ya nyumba kumi na moja, sita ninazotoa. Nilieleza mpaka chai ikapoa. Mwalimu alinisikiliza kama anavyosikiliza mwanafunzi aliyechelewa kwa sababu eti kuku amekula daftari.

"Kwa hiyo aliyeandika ni mashine."

"Nimeandika mimi. Imepeleka mashine."

"Na mashine imepeleka kwa sababu Jumamosi mvua itanyesha."

"Ndiyo! Asilimia themanini!"

Akageuka dirishani. Nje jua lilikuwa linakaanga bati. Wingu hata la kufunika kuku hakuna.

"Vizuri," akasema. "Kama maneno yako ni ya kweli, Jumamosi itanyesha. Ikinyesha kabla ya saa tatu, nitaamini ulizungumzia mvua, na tutakuja kwenu hata kwa kuogelea. Isiponyesha, nitajua umetunga uongo baada ya kututukana. Mwanangu hataingia tena nyumba ambayo wanamwita doa."

"Mwalimu, mvua ni ya Mungu, si yangu."

"Mashine ni yako."

"Nyie wazee," mkewe akaingilia, "hata mvua mnaipeleka mahakamani? Na watoto je?"

"Watoto wasiambiwe," akasema Mwalimu. "Hili ni la wazee."

Nami, wasomaji wangu, badala ya kukataa, nikafurahi. Nilifurahi kwamba binti hatajua. Nikapeana mkono na Mwalimu juu ya ndoa ya mwanangu kama watu wanaobishana timu gani itafunga. Nikaondoka nikijisifu kwamba nimeokoa jahazi. Themanini kwa mia! Hata kwenye mtihani hiyo ni daraja la kwanza.

Njiani nikaitoa miadi ya wakwe kwenye kalenda, Mshenga asije akasema la pili.

Alhamisi asubuhi nikafungua utabiri. Asilimia hamsini na tano.

Nikaifunga simu, nikaifungua. Hamsini na tano.

Alhamisi jioni, thelathini. Ijumaa asubuhi, kumi na mbili. Mvua ilikuwa inanikimbia kama mgeni aliyesikia atapewa jembe. Ijumaa alasiri asilimia mbili, na kile kijipicha cha jua kinachocheka, na kweli kilikuwa kinanicheka mimi.

Hapo hapo binti akaingia uani akiruka kama msichana wa shule.

"Baba! Mshenga wako leo kanifurahisha!"

"Kafanya nini?" nikauliza, nimeshika ukuta.

"Karudisha wateja wote wa Jumamosi! Kasema jua tupu. Nitafua mazulia mawili ya kwanza asubuhi na mapema, saa tatu nimemaliza, naoga, saa nne wageni wananikuta mrembo. Kesho nzuri hiyo!"

"Wingu kidogo lisingedhuru," nikasema.

"Baba, unaumwa?"

Akaketi karibu nami, akavua viatu vya mpira. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji, kama kawaida. Akaitazama kana kwamba si yake.

"Baba, kesho usiongee sana."

"Nitaongea kidogo."

"Kidogo chako kinajaza gunia." Kisha akaanza kukwangua povu kavu kwenye kucha. "Unadhani watanipenda?"

Mwanamke huyu huwafokea wenye maduka. Huyu hubeba zulia bichi peke yake begani, wanaume wakimpisha. Na ananiuliza mimi, msoma mita, kama atapendwa.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema ukweli. Nilipaona. Nilikuwa nimepakanyaga kabisa.

"Watakupenda," nikasema, "hata mvua inyeshe."

"Haitanyesha," akasema, akanibusu utosini, akaenda kupiga pasi gauni.

Nilikaa pale nikiwaza. Mvua ni nini hasa? Ni maji yanayoangukia bati. Mwalimu hakusema yatoke wapi. Hakutaja wingu. Na kwenye banda letu kulikuwa na pampu ya kufulia mazulia, yenye mpira wa mita arobaini na nguvu ya kung'oa tope la miaka mitano.

Mnaocheka, chekeni. Mimi niliona hiyo ni sayansi.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa barabarani nasukuma toroli. Ndani pampu, juu yake ngazi ya alumini, juu ya ngazi mpira. Nikakutana na muuza magazeti.

"Mzee, asubuhi hii na pampu?"

"Kuna zulia la dharura."

"Zulia linaumwa?"

"Liko mahututi."

Kwa Mwalimu nilipita mlango wangu wa zamani, wa nyuma. Bomba la nje lilikuwa palepale kando ya mita. Nikaunga mpira, nikaegemeza ngazi kwenye stoo yenye paa la zege, nikapanda. Kutoka juu ya stoo, paa lote la nyumba, bati tupu, lilikuwa mbele yangu kama ukurasa usioandikwa.

Nikashuka, nikawasha, nikapanda tena.

Pampu yetu ina kikohozi. Huanza kwa kukohoa mara tatu, kisha hunguruma. Nikasema moyoni, hata mvua hutanguliwa na radi. Nikainua mpira, maji yakapaa, yakaangukia bati kwa kishindo kizuri ambacho sijapata kusikia. Nilinyesha kushoto. Nilinyesha kulia. Nilileta manyunyu, nikaleta na mvua ya mawe, maana ndani ya mpira kulikuwa na kokoto. Mita chini yangu ilizunguka kama feni, na kwa mazoea nikawa naisoma. Nilikuwa namnyeshea mtu mvua kwa maji yake mwenyewe!

Ndani nikasikia sauti ya mkewe. "Baba yake! Inanyesha!"

Kisha Mwalimu: "Kweli?"

"Si unasikia? Inamwaga!"

"Basi niletee koti! Wapi koti langu? Mwambie kijana ajiandae!"

Wasomaji, sauti ile haikuwa ya mtu aliyeshindwa. Ilikuwa ya mtu aliyekaa siku tatu akiomba ashindwe.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mwalimu akatoka na suti ya kijivu, tai shingoni, mwamvuli mweusi juu. Matone kutoka kwenye bati yakauangukia, taptap, naye akatabasamu. Akapiga hatua ya pili. Jua likamwangukia. Akapiga ya tatu. Kukavu.

Akaufunga mwamvuli taratibu. Akainua macho.

Nilikuwa nimesimama juu ya stoo yake na viatu vya mazishi, mpira mkononi, bado nanyesha.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, ingawa tunalingana umri.

Hakuitika. Aliitazama suti yake. "Nilikuwa nimeshavaa," akasema. Hayo tu. Na afadhali angenitukana.

Kabla sijashuka, pikapu ikafunga breki kule mbele. Kumbe binti alikuwa ameamka, kafungua banda, hana pampu. Akampigia simu mchumba wake kulalamika. Fundi akamwambia, "Ajabu, nyuma ya nyumba yetu kuna pampu inanguruma," akaitoa simu dirishani. Binti akaisikiliza. Mtu hawezi kukosea kikohozi cha mtoto wake.

Akazunguka nyumba akiwa na ovaroli na viatu vya mpira. Nyuma yake fundi, nusu ya ndevu zimenyolewa, nusu povu.

"Baba."

"Mwanangu, usikimbilie kuhukumu, kuna maelezo—"

"Zima pampu."

"Siwezi, swichi iko chini."

Akaizima yeye. Kukawa kimya, ila maji yakitiririka kwenye mfereji. Akamgeukia Mwalimu, akakunja magoti kidogo kwa heshima, matope na yote.

"Shikamoo, baba. Nisamehe kuja hivi. Nilitaka mnione saa nne, nikiwa nimevaa vizuri. Baba yangu anafanya nini juu ya stoo yenu?"

Mwalimu Mkuu, aliyewatoa jasho wakaguzi wa shule, akarekebisha tai. Akanitazama. Nikamtazama. Tulikuwa vijana wawili waliokutwa wanavuta sigara chooni.

"Tulikubaliana," akasema mwishowe. "Mimi na baba yako. Ikinyesha, tuje. Isiponyesha…"

"Isiponyesha?"

"Tusije."

Nilimwona binti anayapanga maneno yale kichwani, moja baada ya jingine, kama anavyopanga mazulia.

"Mlikubaliana lini?"

"Jumatano," nikasema kutoka juu.

"Jumatano. Na jana nilipokuuliza kama watanipenda, ulikuwa unajua?"

Jibu lilikuwa linatiririka kwenye mfereji.

"Wazee wawili," akasema, na hakupaza sauti, ndiyo maana iliuma. "Mmoja ana mashine, mmoja ana kalamu nyekundu. Mkaiuliza mvua kama niolewe. Mimi nipo hapa hapa, nina simu, nina mdomo. Mkaiuliza mvua!"

"Mwanangu—" nikaanza.

"Mwanangu—" Mwalimu naye akaanza.

Lakini alikuwa ameshamgeukia fundi.

"Na wewe? Ulijua?"

Fundi akafuta povu shavuni kwa mkono. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, kiganja mdomoni.

"Mama aliniambia," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Jumatano jioni."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa. Nilidhani kweli mnaniona… kama ule ujumbe ulivyosema."

"Ujumbe gani?"

Mwalimu akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa ile karatasi yenye wino mwekundu, akampa. Binti akasoma. Nilimwona anapofika mstari wa mwisho, kwa sababu macho yake yalisimama, yakaenda kwa fundi, yakakaa hapo kwa muda mrefu. Kisha akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa ovaroli.

Akakusanya mpira, akaukunja. Akabeba pampu, akaipakia kwenye pikapu. Akarudi. Nikasema moyoni, sasa ndipo ananiambia nishuke twende nyumbani.

Akachukua ngazi.

"Binti yangu," nikasema, "mimi bado niko huku."

"Naona, baba."

Akaondoka nayo begani.

Fundi alisimama kidogo akimtazama baba yake, akanitazama mimi, kisha akapiga mbio kuzunguka nyumba, ndevu nusu.

Mke wa Mwalimu akarudi ndani, tukabaki wawili. Mwalimu chini na mwamvuli uliofungwa, mimi juu ya zege, napepesuka. Yeye, kwa sababu ya nyumba, haoni barabara. Mimi naiona yote, lakini umbali haukuniruhusu kusikia hata neno.

"Unaona nini?" akauliza Mwalimu.

"Amemfikia. Wamesimama karibu na gari."

"Wanagombana?"

"Binti anaongea. Kijana anasikiliza."

"Na sasa?"

"Sasa kijana anaongea. Anaongea sana, Mwalimu. Anatumia mikono yote miwili."

"Mwanangu? Mikono?"

"Binti amempa karatasi. Kijana ameichana." Nikajikunja, nikajinyoosha, nikasimama kwa vidole. "Binti ameshika kichwa. Sijui analia, sijui anacheka. Amempa mgongo."

"Aka! Tazama vizuri, wewe si ulikuwa msoma mita?"

"Mita hazina mgongo, Mwalimu! Ngoja. Amefungua mlango wa gari. Ameingia." Nikakinga macho na jua. "Na kijana ameingia. Upande wa pili."

Mwalimu akaushika ukuta wa stoo kwa mikono miwili kana kwamba angeweza kuupanda. "Wanakwenda kwenu! Basi mambo mazuri. Wanatutangulia."

Pikapu ikaondoka. Ikafika njia panda. Kwetu ni kulia, mnajua, pale kwenye kinu. Ikapunguza mwendo. Ikawasha taa ya kukatia kona.

"Wamekata kulia?" akauliza.

"Kushoto."

"Kushoto kuna nini?"

Miaka thelathini na moja nimezisoma mita za mtaa ule wa kushoto, najua kila bomba. Nyumba za kuishi hakuna. Kuna vitu viwili tu, vinatazamana: stendi ya mabasi ya mbali, na ile ofisi wanakoandikisha ndoa, ambayo Jumamosi hufunguliwa mpaka saa sita.

Nilimwambia vyote viwili. Mwalimu Mkuu akaanza kuizunguka stoo mbiombio, suti na tai, akitafuta kitu cha kunishushia tuwafuate.